Sauti Hii Imetoka Wapi?

Katika migodi mikubwa ya ukanda wa dhahabu, jiwe halikosi jina. Mashine ya kuchoronga inapotoboa mwamba huko Bulyanhulu, ndani ya Halmashauri ya Msalala, kilomita 55 hivi kusini mwa Ziwa Victoria, mwamba hutoka ukiwa mche mrefu wa mviringo. Hulazwa kwenye trei yenye mifereji, na kwenye trei huandikwa namba ya shimo, kina mche unapoanzia na kina unapoishia. Hupigwa picha. Kisha hupasuliwa kwa urefu kwa msumeno: nusu inakwenda maabara kupimwa dhahabu, nusu inabaki ghalani miaka na miaka. Mwanajiolojia akitaka kujua mita mia nne chini kuna mwamba gani, hana haja ya kuchoronga upya. Anakwenda kwenye rafu.

Kakola, mji uliokulia pembeni mwa mgodi huo, una sampuli zake za aina nyingine, na hizo hazina trei wala rafu. Ni sauti.

Studio ya kawaida katika miji hii, iwe Kakola, Katoro, Kahama au Geita yenyewe, ni chumba cha kupanga. Ukutani kuna treya za mayai au vipande vya godoro. Mezani kuna kompyuta ya mtumba, maiki iliyovikwa soksi, na programu ya FL Studio, ile iliyozaliwa Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops ikaja kuenea Afrika mkono kwa mkono, ndani ya flashi. Humo hutoka matangazo ya minada, nyimbo za kampeni, kwaya, biti za bongo fleva, na sana sana nyimbo za Kisukuma zilizovishwa kinanda na mdundo wa kompyuta. Prodyuza ni mmoja, saa za kazi ni usiku wakati umeme haukatiki ovyo, na mteja anataka wimbo wake kesho asubuhi.

Sasa mtu afungue ekstano ya prodyuza huyo. Atakuta folda inaitwa BITI MPYA. Pembeni yake BITI MPYA 2. Halafu MWISHO, halafu MWISHO KABISA, halafu MWISHO KABISA TUMIA HII. Chini yake yamepangana mafaili mia kadhaa ambayo majina yake yanaanza na AUD, yanafuatiwa na tarehe, kisha WA na tarakimu nne. Mojawapo ni mlio wa ngoma kubwa ambao prodyuza mwenyewe anaapa hajapata kuusikia mzuri kama huo. Aliupata wapi? Alitumiwa. Na nani? Jamaa mmoja. Ngoma gani? Hapo ananyamaza, anacheka, anaendelea na kazi.

Faili hilo lilifika hivi. Kijana alikwenda kwenye ngoma, akarekodi kwa simu, akarusha kwa WhatsApp. Sauti ikitumwa kama ujumbe wa kusema, simu huibana ili ipite upesi, na faili hufika likiwa na jina la PTT. Hapo milio myembamba ya njuga imeshapungua ladha. Ikitumwa kama wimbo, huitwa AUD. Vyovyote vile jina alilolipa aliyerekodi limefutika, na tarehe iliyoandikwa kwenye jina jipya ni ya siku faili lilipopokelewa, wala si ya siku ngoma ilipochezwa. Dawa ipo na haigharimu kitu: faili litumwe kama hati, kwa njia ileile mtu anayotuma barua au risiti. Hapo linafika na jina lake na uzito wake wote.

Ukanda huu haujawahi kupungukiwa na sauti. Ngoma ya bugobogobo ilitoka shambani, ambako vikundi vya walimaji vilikwenda sambamba kwa mstari, jembe likishuka kwa mapigo ya ngoma. Leo wachezaji hupanda jukwaani na majembe yaleyale wakiyarusha na kuyadaka. Bagoyangi huingia uwanjani na nyoka. Wigashe huchezwa watu wakiwa wamekaa. Bagika na Bagalu, vyama viwili hasimu vya ngoma, vimepokezana mashindano kwa vizazi, na mshindi ni yule aliyeuvuta umati upande wake. Kila mwaka, mwezi Juni, baada ya sikukuu ya Ekaristi, tamasha la Bulabo hukusanya vikundi vya ngoma Bujora, karibu na Kisesa nje kidogo ya jiji la Mwanza, penye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha padre Mkanada, David Clement. Msomi wa Marekani Frank Gunderson aliwahi kukusanya nyimbo za kazi za Wasukuma na kuzieleza moja baada ya nyingine, zaidi ya 300, katika kitabu kilichotoka mwaka 2010. Hizo ni za kazi tu.

Juu ya hizo zipo sauti ambazo hakuna mzee wa zamani aliyezijua: karasha la mwaloni linavyosaga mawe, tindo ikigonga mwamba ndani ya duara, yaani shimo la wachimbaji, winchi ikipandisha viroba. Prodyuza mwenye sikio anajua kwamba karasha lina mdundo, na ukiukata mahali pake unapata tumba ambayo haiuzwi mtandaoni.

Tatizo linaanza pale sauti hizo zinapotafutiwa pa kukaa. Maprodyuza wengi huanza kazi na vifurushi vya sampo vilivyopakuliwa intaneti, na vifurushi hivyo huja na folda zake tayari: Kick, Snare, Hat, Clap, na FX. Mpangilio huo una historia yake. Roland ya Japani ilitoa TR-808 mwaka 1980. Mmarekani Roger Linn akatoa LinnDrum mwaka 1982, kisha akashirikiana na Akai kutengeneza MPC60 mwaka 1988. Mashine hizo zilikusudiwa kuchukua nafasi ya mpiga dramu wa Kimarekani, na vitufe vyake vikapewa majina ya vyombo anavyokalia mpiga dramu huyo. Hakuna ubaya hapo. Ubaya ni kwamba kijana wa Kakola anarithi kabati la mtu mwingine, halafu anajaribu kulipanga na nguo zake.

Ngoma kubwa ya bugobogobo anaitia kwenye Kick, kwa kuwa inanguruma. Lakini mpigaji wa ngoma ileile hutoa pia mlio mkavu wa ukingoni. Huo unakwenda Snare. Tayari ngoma moja imegawanyika nyumba mbili na hakuna kinachoonyesha kwamba ni ndugu. Njuga je? Hat, labda. Filimbi? Jembe lililogongwa kwa jiwe? Yote hayo huishia FX, yakalala chumba kimoja na milio ya bunduki na ving'ora vya polisi wa Marekani. Miezi sita baadaye prodyuza anatafuta filimbi, anapekua ving'ora arobaini, anakata tamaa, anachukua filimbi ya kinanda. Wimbo unatoka, na unafanana na wimbo wa mtu yeyote.

Upo mpangilio mwingine, mkongwe kuliko kompyuta zote, unaozifaa ala za Usukumani. Mwaka 1914 wanazuoni wawili wa Berlin, Erich von Hornbostel na Curt Sachs, walichapisha utaratibu wa kuzipanga ala za dunia nzima bila kujali zinatoka kwa nani. Waliuliza swali moja tu: ni kitu gani kinachotikisika hadi sauti itoke? Kama ni ngozi iliyowambwa, ala iko kundi moja; kama ni uzi, kundi lingine; kama ni hewa, la tatu; na kama ni mwili wenyewe wa chombo, la nne. Kwa hiyo ngoma zote, kubwa na ndogo, na kila pigo lake, zinakaa Ngozi. Ndono, ule upinde wa kibuyu, unakaa Nyuzi. Filimbi ziko Hewa. Na katika kundi la nne zinakutana njuga, ilimba, jembe linalogongwa, na hata karasha la mwaloni, kwa sababu zote hizo chuma au mti wake ndio unaolia. Mtu akishaona ilimba na jembe vimekaa jirani, ataanza kuvichanganya kwenye biti kwa namna ambayo Kick na Snare zisingemwonyesha kamwe.

Hata hivyo, folda si jambo la kulitegemea sana. Faili husafiri. Linatolewa kwenye folda, linatiwa kwenye flashi, linafika Mwanza au Dar es Salaam likiwa uchi. Kinachosafiri nalo ni jina lake tu, ndiyo maana jina ndilo linalopaswa kubeba mzigo. Faili lenye jina kama 2024-08-11_Segese_bugobogobo_ngoma-kubwa_01 linajieleza hata likiokotwa njiani: siku, mahali, ngoma, ala, namba ya pigo. Mwaka unatangulia ili kompyuta ikipanga kwa herufi, ipange pia kwa wakati. Namba inaandikwa 01 badala ya 1, kwa sababu programu nyingi zikikuta 1, 2 na 10 huiweka 10 mbele ya 2. Nafasi tupu zinaepukwa; mstari wa chini au kistari kinatosha. Alama za mkwaju, nukta pacha na kiulizo hazikubaliki kabisa kwenye Windows.

Kwa Wasukuma kuna kero ya ziada: ile ng' ya ng'wana na ng'ombe. Simu moja huandika ritifaa iliyonyooka, nyingine huandika iliyopinda, na kompyuta huona hayo ni maneno mawili tofauti. Mmoja akiandika ng'wana, wa pili ngwana, wa tatu mwana, utafutaji unaleta theluthi moja ya mafaili na kunyamaza kuhusu yaliyobaki. Kikundi cha maprodyuza wanaopeana sauti wakubaliane maandishi mamoja, hata kama mwalimu wa lugha atakunja uso.

Yasiyoenea kwenye jina yaandikwe kwenye faili dogo la maandishi linalokaa pamoja na sauti: kikundi kilichopiga, jina la manju, hafla yenyewe, simu au kinasa kilichotumika, nani alishika maiki na alisimama wapi. Kasi nayo iandikwe, lakini kwa uangalifu. FL Studio inataka namba moja ya mapigo kwa dakika, ilhali ngoma haikai kwenye namba moja. Huanza taratibu, umati ukichangamka inakimbia. Iandikwe kasi ya mwanzo na ya mwisho. Tuni ya ilimba vilevile haifuati kinanda, kwa hiyo inatosha kutaja noti iliyo karibu nayo na kuiacha ilimba kama ilivyo. Watangazaji wa Ulaya walikwishaona haja ya haya yote: mwaka 1997 umoja wao, EBU, ulitoa aina ya faili la WAV ambalo ndani yake kuna nafasi ya maelezo ya herufi 256, pamoja na tarehe na jina la aliyerekodi. Vinasa vingi vya mkononi leo hutoa mafaili ya aina hiyo. Nafasi hiyo karibu kila mara huachwa tupu.

Kuna maprodyuza watakaobisha, na hoja yao ina uzito. Watasema muziki hauundwi kwa karatasi. Watataja singeli ya Dar es Salaam, inayokimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, ambayo studio kama Sisso zimeitoa uswahilini hadi kwenye majukwaa ya Ulaya. Mkusanyo wa Sounds of Sisso, uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ulisikika mbali kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Mbio kama hizo, watasema, haziwezi kungoja mtu aandike jina la ala. Ni kweli kwamba prodyuza mzuri ana ghala kichwani, na mkono wake unafika kwenye sauti kabla jicho halijaiona. Ila kichwa hicho hakikopeshwi. Msaidizi wake hawezi kukitumia, mdogo wake hawezi kukirithi, na mwenyewe akirudi kwenye biti ya miaka mitatu nyuma hukuta kimeshasahau.

Kompyuta nayo husahau, kwa njia yake. Faili la mradi wa FL Studio kwa kawaida halibebi sauti. Linakumbuka tu sauti ilikaa wapi. Ekstano iliyokuwa E jana, leo imechomekwa baada ya flashi ya mteja ikawa F, na wimbo unafunguka nusu yake kimya. Njia za kujikinga ni mbili: sampo zote zikae chini ya folda moja kuu ambayo programu imeelekezwa kutafutia humo, na kazi ikiisha ihifadhiwe kama kifurushi kilichobanwa, sauti na mradi pamoja. Hayo yamo kwenye menyu ya programu. Wengi hawajapata kuyafungua.

Mgodini kuna kisa kimoja ambacho wanajiolojia hawakisahau. Kampuni ya Bre-X ya Kanada ilitangaza dhahabu nyingi ajabu huko Busang, kwenye kisiwa cha Borneo, Indonesia. Mwaka 1997 ikagundulika kwamba sampuli zilikuwa zimenyunyiziwa dhahabu kutoka kwingine. Uongo huo ulidumu kwa sababu miche ya mwamba ilisagwa yote kwenda maabara. Ile nusu ya ghalani haikuwepo, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kurudia kupima. Studio nyingi hufanya kosa hilohilo bila nia mbaya. Rekodi ya ngoma ya saa nzima inafunguliwa, yanakatwa mapigo manne matamu, yanaongezwa nguvu, yanasafishwa, kisha rekodi yenyewe inafutwa kwa sababu diski imejaa. Saa moja ya sauti ya stirio ya biti 24 kwa kilohezi 48 ina uzito wa gigabaiti moja na ziada kidogo. Flashi ya gigabaiti 64 inabeba kama saa sitini. Kwa gharama hiyo, kufuta ngoma nzima ili kubakisha mapigo manne ni ubahili usio na faida.

Na nakala iwe zaidi ya moja, zikae nyumba tofauti. Kila aliyewahi kuchomeka flashi kwenye kompyuta ya stendi anakijua kile kirusi kinachogeuza folda zote kuwa shotikati. Hata wakubwa hawakupona: tarehe 1 Juni 2008 moto katika studio za Universal, Hollywood, uliteketeza ghala la rekodi asilia, na dunia ikaja kujua ukubwa wa hasara hiyo miaka 11 baadaye, gazeti la New York Times lilipoichunguza.

Hapa Afrika Mashariki kuna mfano wa upande wa pili. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alipita Tanganyika na Kenya na gari lenye mitambo ya kurekodi. Kwa Wanyamwezi, majirani wa Wasukuma, alirekodi pia. Miaka minne baadaye alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Mtu anaweza kumlaumu Tracey kwa mengi. Alirekodi chini ya kivuli cha wakoloni, na waliopiga hawakuambulia cha maana. Kitu kimoja hakukifanyia mzaha: kila wimbo aliuandikia mahali, lugha, ala na waimbaji. Mmoja kati ya nyimbo hizo, Chemirocha, uliimbwa na Wakipsigis huko Kapkatet, Kenya. Zaidi ya miaka 60 baadaye, ILAM ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi ilizirudisha rekodi hizo kwa wenyewe, na safari hiyo iliwezekana kwa kuwa maandishi ya mwaka 1950 yalitaja kijiji.

Sheria nayo inauliza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, ya mwaka 1999, haiwalindi watunzi wa studio pekee. Ina sehemu inayohusu sanaa za jadi za jamii, na matumizi yake ya kibiashara yana utaratibu wa kuombewa ruhusa. Biti yenye pigo la bugobogobo ikivuma, ikaingia kwenye tangazo la kampuni ya simu, mwanasheria atakuja na swali la kwanza kabisa: sauti hii imetoka wapi? AUD na tarakimu nne si jibu.

Ndiyo maana faili la maelezo linahitaji mstari mwingine, wa makubaliano: manju aliruhusu nini, kikundi kililipwa nini au kiliahidiwa nini, na manju huyo anapatikanaje. Namba ya simu ibaki kwenye maelezo, isiandikwe kwenye jina la sauti, maana sauti itazunguka na namba itazunguka nayo. Na pale Bagika watakaposema mdundo ule ni wao, Bagalu nao waseme uliibwa kwao, prodyuza asijifanye hakimu. Aandike madai yote mawili, tarehe, na nani alisema. Ubishi huo umeanza zamani, na vyama vyote viwili bado vinaufurahia.